Mwaka Niliosimama Dirishani

Juzi tumemzika Chebet, au niseme wamemzika huko kwao Kericho, na sisi huku Gaithersburg, Marekani, tukakaa kwenye ukumbi wa kanisa tukanywa chai kwa niaba ya waliosafiri. Wakenya wakaomba, wakaimba, wakala chapati, halafu mmoja akasema, "Mama Siwema, hebu tutolee Chebet." Ndiyo kazi yangu hiyo kwenye misiba ya huku, kuwatoa marehemu, yaani kuwaiga walivyoongea. Sijui kusoma, sijui kuandika, haya yenyewe nasema kwenye simu na mwanangu ndiye anayeyaandika, lakini mtu akiongea mbele yangu dakika tano nimeshamchukua, na harudi kwao. Basi nikaweka kikombe chini, nikashika kiuno: "Wee Siwema, kwani unaenda kazi ama unaenda kuzikwa? Si ujipake kitu!" Ukumbi mzima ukacheka mpaka dada yake akalia. Na mimi nikacheka nao. Shida ya sauti ni kwamba humu ndani hazikai mbalimbali. Ukimwita mmoja wanakuja wote wa mwaka wake. Nimerudi nyumbani, nimekaa kwenye kochi na viatu miguuni, na nyuma ya Chebet nikamsikia Mzee Konrad niliyemlea mwaka huo, sauti yake ya mtu anayeshuka ngazi kabeba trei ya glasi, hatua moja, hatua moja: "Siwema. Simama. Hapo. Usicheke."

Mwaka wenyewe ni wa tisini na nane kuingia tisa, pale watu walipoanza kuambiana kompyuta zote zitakufa ikifika elfu mbili. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, nimeshajiona bibi, kumbe mtoto. Tulipanga na Chebet chumba na sebule, yeye kazi yake hospitali, mimi nalea wazee. Watanzania wenzangu walisema nabeba boksi, ndivyo wanavyoziita kazi za ughaibuni. Boksi gani lina miguu, linaomba uji, linakwambia maji ya moto sana? Asubuhi nilikuwa napanda basi mpaka Rockville, nashuka barabara ya Pike kwenye maduka ya mazulia, naingia ndani ndani kwenye miti, na kelele ya magari inakatika nyuma yangu kama kuna mtu kafunga mlango. Nyumba ya Mzee Konrad ilikuwa ya mwisho. Nje ya kawaida tu. Ndani, mwenzangu, pazia hakuna hata moja. Kulikuwa na vioo, mbao nyeupe, mashuka kwenye kamba, na kila kimoja kimewekwa pale ili mwanga ukikigonga uende mahali fulani. Saa tatu asubuhi jua lilikuwa linaingia jikoni, linagonga sufuria ya shaba iliyotundikwa, linaruka darini, linashuka mezani, linatua kwenye yai lake la kuchemsha. Nilidhani ni bahati. Siku niliyoichukua ile sufuria nichemshie viazi, yai likakaa kivulini, na yeye akanuna kama nimemwibia. Mpaka leo nikiota, naota nyumba ile. Sioti watu. Naota mwanga unatembea chumba hadi chumba kama mgeni anayejua njia, na mimi namfuata na kitambaa cha kufutia vumbi.

Mwenye kuniajiri alikuwa binti yake, Hanne, alikuwa anakaa Virginia na anakuja Jumapili. Mrefu, mkavu, anaongea kama anasoma karatasi ya dawa: "Siwema, baba yangu mtu mgumu. Akisema anaona, usimwamini. Ikifika masika namhamishia karibu na kwangu, kwenye nyumba ya wazee, nimeshaongea nao." Kweli alikuwa haoni vizuri. Jicho lilikuwa limekufa katikati, pembeni ndiyo pamebaki, na pembeni nako panakwenda. Akitaka kukuona anaangalia sikio lako. Wiki mbili nzima nilidhani anapenda hereni zangu, nikawa nabadilisha. Daktari alishamwambia kwamba mpaka theluji inapokwisha hata hiyo pembeni haitakuwepo, na alinisimulia jambo hilo akipaka siagi kwenye mkate wake mweusi, polepole, mpaka kwenye kona zote nne, kama habari za mtu mwingine.

Mchana tulikuwa tunakula pamoja, yeye na kabichi yake iliyochacha, mimi na ugali wangu wa mchicha na karanga, halafu katikati ya chakula tunabadilishana sahani bila kusemezana. Hapo ndipo alipokuwa anaongea. Mji wao ulikuwa wa mtoni, wakati wa vita madirisha yote yamezibwa karatasi nyeusi, na yeye mtoto kajificha chini ya meza. Siku moja karatasi ikapata kitundu kidogo kama cha sindano, na mwanga ulioingia kwenye kile kitundu ukaileta nyumba ya jirani ukutani kwao, kichwa chini miguu juu, na jirani mwenyewe anatembea darini na ndoo. "Siwema, nilidhani nimekufa," akaniambia. "Halafu nikadhani wengine wote wamekufa na mimi ndiye nimebaki kuwaona." Baada ya vita akapata kazi kwa watu wa sinema, kubeba ubao wenye karatasi ya fedha, kulirudisha jua kwenye uso wa mwigizaji. Miaka miwili anabeba jua. Halafu akawa mtu wa kupima kwa utepe kutoka kwenye kamera mpaka puani, halafu akashika kamera yenyewe, halafu akawa bwana mkubwa wa mwanga, anaonyesha kidole tu watu wanahamisha mataa. Alipochoka akaja Marekani kufundisha chuoni, miaka ishirini. Alikuwa ananifundisha na mimi, hakuwa na mwingine: "Mwanga huuwashi, Siwema. Unaualika. Ukija, unaupa pa kukaa." Nikamwambia, "Basi na mimi nipe pa kukaa, miguu inauma." Alicheka puani. Kiswahili alikuwa nacho kidogo, maana akiwa kijana alikwenda Tanganyika kupiga sinema. Alijua simama, geuka, usicheke, tena. Nikamuuliza, "Karibu hukufundishwa, Mzee? Asante je? Pole?" Akafikiri kabisa, uma uko hewani. "Hatukuwa na muda," akasema.

Kila Alhamisi saa nane walikuwa wanakuja wanafunzi wake wa zamani, watatu wanne, wanashuka chini kwenye chumba cha projekta. Mmoja alikuwa Dana, msichana wa mji wa hapa hapa jirani, Bladensburg, anacheka kabla hajamaliza sentensi, yeye ndiye aliyekuwa anaitia mikanda kwenye mashine. Alhamisi moja wakamwomba Mzee wawekewe ile sinema ya Tanganyika. Nikashuka na trei ya keki, nikasimama mlangoni. Mzungu mmoja wa kike, gauni jeupe, nywele hazijasogea, kapotea porini. Nyuma yake watu wetu wamebeba mizigo. Nikaangalia, nikaangalia. Mizigo naiona, mashati nayaona, kofia naziona zinaelea. Vichwa hakuna. Mimi mdomo wangu haujui kungoja. Nikasema, kwa Kizungu changu cha kuokoteza, "Mzee, ulipiga picha mashati? Wenyewe walikwenda wapi?"

Hakuna aliyecheka. Mzee Konrad akageuza sikio. "Mashati gani? Wana nyuso hao. Mimi niliwaona. Wa pili ana kovu hapa. Yule mrefu mtani, alikuwa ananiiga ninavyotembea." Nikamwambia, "Hapa hayupo, Mzee." Akauliza gizani, sauti ndogo, "Dana?" Na Dana, bila kicheko, mara ya kwanza namsikia hana kicheko: "Hawaonekani, Profesa. Hawajawahi kuonekana." Yaani miaka yote ile yeye alikuwa anaitazama sinema ile na kuwaona, kwa sababu anawakumbuka. Macho yake yaliwajazia. Sasa niliyemwambia ni mimi, mletaji keki.

Siku mbili hakula yai. Ya tatu akaniita chumba cha kaskazini, chenye dirisha kubwa kuliko yote. Akaeleza polepole, na mimi nikaelewa vizuri, maana wala si elimu kubwa. Siku zile ukiwa na kipimo chako cha mwanga, unakiweka kwenye shavu la yule mama mweupe. Kamera inafunguliwa kwa ajili ya shavu lile. Wengine wote wanaanguka gizani. "Hakuna aliyenituma nifanye hivyo. Ndivyo nilivyofundishwa. Na hapa nimefundisha hivyo hivyo miaka ishirini." Akagusa kioo cha dirisha. "Nataka nifanye mmoja. Uso mmoja. Kabla." Hakumalizia, na kabla ya nini tulikuwa tunajua wote wawili. Nikamwambia sawa, ila mimi si mwigizaji, mimi mwigaji. Akasema ndiyo maana, usimwige mtu.

Jamani, sijawahi kufanya kazi ngumu kama kusimama. Dana analeta kamera, inaunguruma kama cherehani. Mimi dirishani na kipimo kidevuni, namsomea Mzee mshale uko wapi, maana namba nazijua, mabasi yalishanifundisha. Yeye anaangalia sikio langu. "Geuka. Tena." Jioni namsimulia Chebet, naye kakaa kitandani anakata kucha: "Aki Siwema, unapigwa picha na profesa na uende na hiyo ngozi tu? Ata studio ya kwetu wanakupaka poda kwanza!" Na ni kweli, hata kwetu Kondoa, mpiga picha alikuwa na kopo lake la poda na sponji yake, huketi kwenye kiti kabla hujapakwa, ndiyo utoke vizuri. Chebet akanipaka yake, ya rangi ya biskuti, kwenye paji, mashavu, shingo. Sikumwambia Mzee. Haoni, nimwambie nini? Kila siku ya kamera napakwa, napanda basi, nasimama.

Mkanda unapelekwa maabara, unakaa wiki mbili. Uliporudi tukaangalia mimi na Dana. Nilijiona nimekuwa kijivu, kama mtu aliyeangukiwa na gunia la unga. Uso nilikuwa nao, sikatai, lakini wa mtu aliyekwisha kuzikwa. Mzee akauliza, "Ikoje?" Dana akasema, "Ina ukungu kidogo." Nilidhani ndivyo nilivyo. Nilidhani kumbe wale wa mashati hawakuonewa na mtu, ni sisi tu hatushiki kwenye mkanda. Mzee alidhani amekosea kupima. Akabadilisha mataa, akasogeza mbao, akapanda ngazi na miaka yake yote ile mimi nimeshika miguu. Mkanda wa pili, ukungu. Wa tatu, ukungu. Akaacha kuniambia "tena". Akawa anakaa jikoni, na Jumapili moja nikiwa naosha vyombo nikamsikia anamwambia Hanne, "Hakuna haja ya kungoja masika. Nichukue mwezi huu." Hanne akasema, "Nitapanga vizuri, Papa," na sauti ile ya karatasi ya dawa ikakatika katikati. Ndipo nikajua na yeye ana moyo. Nikasimama na sahani mkononi, maji yanatiririka, na hapo ikanijia kwamba ule ukijivu usoni ni poda ya Chebet. Nilikuwa namwachia mtu aondoke akidhani mkono wake umekufa pamoja na macho, kwa kopo la poda.

Kesho yake nilimwogesha, nikamkalisha pembeni ya dirisha la kaskazini, nikaanza kumpaka mafuta miguuni kama kila siku. Akauliza, kwa kuuliza tu, "Kwa nini unanipaka haya kila asubuhi? Wengine waliokuja kabla yako hawakunipaka." Nikamwambia, "Ili usipauke." Akasema, kupauka ni nini? Nikavua sweta, nikapaka mkono mmoja wangu, mwingine nikauacha, nikaiinua yote miwili dirishani mbele ya lile jicho lake la pembeni. Aliiangalia mpaka mafuta yakaanza kunishukia kwenye kiwiko. "Huu wa kushoto," akasema, "una dirisha ndani yake." Akaushika, akaugeuza. "Naliona dirisha zima. Linapanda, linazunguka mfupa, linashuka. Nilikuwa namwaga mwanga juu yako kama maji kwenye mchanga. Kumbe ngozi hii haitaki kumwagiwa. Inataka kitu cha kuonyesha." Halafu akasimama kabisa na taulo lake. "Na uso? Uso unapaka?" Nikamwambia, "Uso una poda, Mzee." "Tangu lini?" "Tangu siku ya kwanza." Nikafunga macho nisubiri nifukuzwe. "Wiki sita!" akapiga kelele, darini kote. "Wiki sita napima unga!" Akakaa, akaanza kucheka mpaka akakohoa, mpaka nikampiga mgongoni, na kicheko chake mpaka leo sijaweza kukiiga. Alipotulia akasema, "Nenda kanawe."

Theluji ilianguka Jumanne. Basi lilichelewa, nikatembea kutoka Pike kwa miguu, dunia nzima imenyamaza, hata miti inaonekana imeambiwa kitu. Dana alikuja na gari la mjomba wake. Mzee alikuwa mlangoni na koti juu ya pajama, uso juu, analisikiliza lile jeupe. "Zima yote," akasema. Tukazima mataa, tukatoa mbao, tukashusha mashuka. Uwanja mzima ulikuwa ubao wake wa fedha. Nikapaka mafuta usoni, mengi, kama tunavyowapaka watoto siku ya sikukuu. Nikasimama. Akaja karibu, akaangalia sikio langu la kushoto muda mrefu, halafu la kulia, akanishika kidevu kwa vidole viwili akanigeuza kwa kiasi cha punje. Hakuniambia usicheke. Aliniambia, "Siwema, tafadhali," neno nililomfundisha mimi, "fikiri unachotaka." Kamera ikaanza cherehani yake. Dakika tatu hazifiki. Niliwaza nini sikumbuki vizuri, sasa nikitafuta napata tu joto la bomba la kupashia nyumba pale dirishani kwenye goti langu, na harufu ya mafuta, na kwamba hakukuwa na sauti ya mtu yeyote kichwani mwangu. Peupe tu.

Ule mkanda maabara ilichelewa nao kwa sababu ya theluji. Uliporudi, Hanne alikuwa ameshafunga maboksi, mwanga pale nyumbani unagonga kuta tupu na kupotea njia, na Mzee Konrad alikuwa haangalii tena sikio la mtu. Alikuwa anaangalia inakotoka sauti. Tulimshusha ngazi mimi na binti yake, huku na huku, tukamkalisha. Hanne akasimama nyuma, mikono kifuani. Dana akatia mkanda. Mzee kageukia projekta badala ya ukuta, kwa sababu ndiko joto linakotoka, na hakuna aliyemgeuza.

Akauliza, "Ana uso?"

Dana alifungua mdomo, Mzee akainua mkono. "Wewe utanihurumia. Siwema."

Basi mimi, shetani wangu akaja, nikatoa sauti ya Dana: "Ina ukungu kidogo, Profesa." Mara nyingine yoyote angecheka. Hakucheka. Mikono yake ilikuwa magotini, imekaa kama ya mtoto anayengoja kuchapwa, na nikaona kwamba hapa hautakiwi utani. Nikaenda mpaka ukutani. Yule mwanamke alikuwa mkubwa kunizidi mara tatu. Shavu lake lilikuwa la kahawia, halafu pembeni jekundu jekundu kama chai ikipigwa na jua, halafu kwenye mfupa kuna mstari wa mwanga unashuka taratibu, na ndani ya ule mstari, mdogo kabisa, dirisha. Chini ya jicho palikuwa na uchovu. Kwenye paji, alama ya ndui niliyoisahau. Alikuwa hachekeshi mtu. Alikuwa anataka kitu na haoni haya kukitaka. Nikaweka mkono ukutani, na uso ukapanda juu ya mkono wangu.

"Pembeni pana rangi gani?" Mzee akauliza nyuma yangu. "Upande wa sikio."

"Bluu," nikasema. "Kidogo."

"Hiyo theluji." Akavuta pumzi. "Na mtu? Yupo?"

Nikataka kumjibu. Nikatafuta sauti ya kumjibia, ya Chebet, ya Hanne, hata yake mwenyewe, nikakuta hakuna iliyokuja. Ikatoka moja tu, nzito, ina mikwaruzo, hata mimi nilishtuka.

"Yupo, Mzee. Ananiangalia."

Mzee Konrad akageuza kichwa huku na huku, kama mtu aliyesikia mgeni kaingia chumbani.

"Nani kasema?"

"Ni mimi," nikamwambia. "Siwema."